Mbwa Wako Anywa Maji Kupita Kiasi? Tafuta Chanzo Chake

Katika nyumba nyingi za vijijini mbwa ndiye askari wa usiku. Hulinda kuku wasiliwe na kicheche, hulinda mbuzi zizini, na shambani huwafukuza nyani na ngedere. Mshahara wake ni makombo ya ugali na maji ya kunywa. Basi siku mbwa huyo anapoanza kumaliza maji ya beseni mara tatu kwa siku, na kukojoa kila mahali hata barazani, watu wa nyumbani hukasirika. Mmoja asema amezeeka. Mwingine asema amepata jeuri. Wa tatu ashauri anyimwe maji ili aache kukojoa.

Ngojeni kidogo, ndugu wasomaji. Dalili ya mvua ni mawingu. Kiu kubwa na mkojo mwingi si ugonjwa wenyewe, ni mawingu tu, na mvua yenyewe yaweza kuwa ya namna nyingi. Magonjwa mengine katika hayo hutibika vizuri yakiwahiwa. Moja huweza kumwua mbwa kwa siku chache. Jingine huweza kuwashika hata watu wa nyumbani. Kwa hiyo yafaa kila mwenye mbwa ajue namna ya kutafuta chanzo, hatua kwa hatua.

MTUNGI ULIOTOBOKA

Kwanza tufahamu jambo moja kubwa. Watu wengi hudhani mbwa hukojoa sana kwa sababu anywa sana. Mara nyingi mambo ni kinyume chake: anywa sana kwa sababu anakojoa sana.

Figo ni kama chujio. Damu hupita humo usiku na mchana. Figo hutoa taka na kuzitupa katika mkojo, lakini maji mengi huyarudisha mwilini, maana maji ni mali. Figo zikiharibika, au zikizuiwa kufanya kazi yake, maji hayarudi tena. Yote hupita kwenda nje. Mwili waona unakauka, ndipo kiu inapokuja.

Mtungi ukitoboka, utaujaza kila saa. Je, ukiacha kuujaza, tundu litaziba? Hasha! Mtungi utakauka tu. Ndivyo ilivyo kwa mbwa huyu. Ukimnyima maji ataendelea kukojoa, damu yake itakuwa nzito, naye aweza kufa upesi. Basi sheria ya kwanza ni hii: usimnyime maji hata siku moja. Mwekee maji safi, na ya kutosha, mpaka chanzo kijulikane.

KWANZA PIMA

Jicho hudanganya. Mbwa aliyetoka mbioni adhuhuri aweza kunywa beseni zima, wala hana ugonjwa wowote. Kwa hiyo pima.

Mbwa mzima hunywa kwa kawaida kama mililita 50 au 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake, mchana na usiku pamoja. Akipita mililita 100 kwa kila kilo, amepita kiasi. Hesabu yake ni rahisi: kwa kila kilo 10 za mbwa, lita moja. Mbwa wa kilo 10 akinywa zaidi ya lita 1 kwa siku, wa kilo 15 zaidi ya lita 1 na nusu, wa kilo 20 zaidi ya lita 2, hapo kuna jambo.

Uzito utaupataje? Nenda penye mizani ya kupimia mazao. Simama juu yake umempakata mbwa, kisha simama peke yako. Ondoa uzito wako, utakaobaki ni wa mbwa.

Maji yapime hivi. Asubuhi saa 12 chukua chupa ya lita moja, mimina chupa tatu katika beseni, uandike. Weka beseni kivulini, mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Mbwa akae uani siku hiyo, asiende kunywa mtoni au madimbwini. Ukiongeza maji, andika. Kesho yake saa 12 asubuhi pima yaliyobaki kwa chupa ile ile. Fanya hivyo siku tatu. Kijana wa shule aweza kuifanya kazi hii vizuri kwa daftari na kalamu.

Kumbuka pia chakula. Mbwa alaye uji au ugali wenye mchuzi mwingi hupata maji katika chakula, naye hunywa kidogo. Mbwa alaye chakula kikavu au dagaa wenye chumvi hunywa zaidi.

MKOJO MWINGI, AU MKOJO WA MARA KWA MARA?

Halafu tazama namna anavyokojoa. Kuna mbwa aendaye kila mara, ajikamua, atoa matone machache tu, pengine yenye damu. Huyo hana mkojo mwingi. Huenda ana ugonjwa wa kibofu, au mawe ndani ya kibofu. Kama ajikamua na hakitoki kitu kabisa, ni hatari kubwa: mpeleke siku hiyo hiyo. Kuna mwingine ambaye mkojo humtoka usingizini bila mwenyewe kujua, lakini hanywi maji kuliko siku zote. Huyo amelegea mlango wa kibofu tu. Tunayemzungumzia hapa ni yule atoaye mkojo mwingi kila aendapo, mweupe kama maji, na kurudi tena mara kwenye beseni.

SABABU NYEPESI

Ukiisha kuhakikisha, anza na zile sababu nyepesi. Je, jua ni kali sana? Je, mbwa jike ananyonyesha? Je, ameharisha au kutapika, mwili ukapoteza maji? Amekula nyama ya chumvi?

Kisha uliza juu ya dawa. Mbwa mwenye upele au kuwashwa mara nyingi huchomwa sindano ya deksamethasoni au hupewa vidonge vya prednisoloni. Dawa hizo huleta kiu na mkojo mwingi na njaa kubwa; hiyo ni tabia yake. Vivyo hivyo dawa za kupunguza maji mwilini na baadhi ya dawa za kifafa. Lakini usizikatishe ghafula kwa shauri lako mwenyewe, hasa kama ametumia siku nyingi, maana kuzikatisha ghafula kwaweza kumletea hatari nyingine. Mwulize aliyekupa.

MBWA JIKE: USINGOJE KESHO

Kama mbwa wako ni jike aliyekomaa, asiyefungwa uzazi, uliza swali hili kabla ya mengine yote: alitaka dume lini?

Kama ni mwezi mmoja au miwili iliyopita, naye sasa anywa sana, hataki chakula, amenyong’onyea, au atapika, yawezekana mji wa mimba umejaa usaha. Sumu ya vijidudu vilivyo katika usaha huo huzuia figo kurudisha maji, ndiyo maana anakojoa sana. Pengine utaona uchafu wenye harufu mbaya ukimtoka nyuma. Pengine hutaona kitu, kwa kuwa mlango umefunga, na hapo ndipo hatari inapozidi, maana mji wa mimba waweza kupasuka ndani. Tumbo likivimba usiseme, “Ana watoto,” ukangoja azae. Wengi wamekufa kwa kungojewa namna hiyo.

Dawa yake hasa ni kupasuliwa na kuondolewa mji wa mimba, mapema iwezekanavyo. Tena jueni kwamba sindano za kuzuia mimba zinazochomwa mbwa huongeza hatari ya ugonjwa huu. Asiyetaka watoto wa mbwa ni heri amfungishe uzazi kwa kupasuliwa angali mzima. Baada ya hapo ugonjwa huu haumpati tena, ila kwa nadra sana.

UGONJWA UNAOWEZA KUINGIA NYUMBANI

Mbwa akiwa na homa, atapika, aona maumivu akiguswa mgongoni, na weupe wa macho au ufizi umegeuka manjano, kumbuka panya. Kuna vijidudu vinavyokaa katika figo za panya na kutoka katika mkojo wao. Mvua ikinyesha huingia katika madimbwi, mbwa akanywa au akakanyaga humo. Vikifika katika figo za mbwa huziharibu, kwanza akakojoa sana, kisha huenda akashindwa kukojoa kabisa.

Ugonjwa huu huwashika watu pia. Watanzania wengi waliusikia mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda. Mwezi wa Julai mwaka huo, katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, watu 20 walitangazwa kuugua na 3 walikufa. Mtu huupata mkojo wa mnyama, au maji yaliyochanganyika nao, yakigusa kidonda, jicho au kinywa.

Basi mbwa wa namna hiyo msimfukuze kijijini, maana atautawanya ugonjwa. Mfungeni mahali pamoja pakavu, mbali na kisima na jiko. Watoto wasimchezee. Asafishaye mkojo wake avae glovu au mifuko ya plastiki mikononi na viatu miguuni, amwagie maji ya klorini, kisha anawe kwa sabuni. Mganga wa mifugo ana dawa za kuua vijidudu hivyo, na kuna chanjo ya kumkinga mbwa mzima. Mbwa aliyepona bila kutibiwa sawasawa aweza kuendelea kuvitoa katika mkojo kwa miezi. Mtu wa nyumbani akishikwa na homa, kichwa na maumivu makali ya misuli ya miguu, aende zahanati na aseme wazi: “Nyumbani tuna mbwa mgonjwa.” Neno hilo moja laweza kumsaidia mganga kuutambua ugonjwa upesi.

WENGINE HUKONDA, WENGINE HUNENEPA TUMBO

Mbwa mzee ambaye amekonda polepole, hali vizuri, atapika mara kwa mara, kinywa kinanuka na ufizi umekuwa mweupe, huenda figo zake zimechakaa. Figo zina akiba kubwa ya nguvu. Dalili ya mkojo mwingi huonekana wakati kama theluthi mbili za kazi yake zimekwisha kupotea. Haziwezi kurudishwa upya, lakini kwa maji mengi, chakula cha kufaa na dawa za mganga aweza kuishi kwa raha muda fulani.

Mbwa anayekula kwa pupa na bado akonda, mtazame kwa kisukari. Mwilini kuna kiungo kiitwacho kongosho, kilicho karibu na tumbo. Kazi yake moja ni kutoa insulini, inayoufungulia mwili mlango wa kutumia sukari. Insulini ikikosekana, sukari hujaa katika damu na mwili wakaa na njaa, kama mtu mwenye ghala lililojaa ambaye amepoteza ufunguo. Sukari inayozidi humwagika katika mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Sisimizi wakikusanyika mahali mbwa alipokojoa, ni alama ya kukumbuka. Mbwa wengi wa kisukari huota pia mtoto wa jicho, macho yakawa meupe. Lakini macho meupe peke yake si ushahidi. Hata nagana, ugonjwa unaoletwa na ndorobo, huweza kuyatia macho ya mbwa ukungu.

Yuko na mbwa wa tatu: tumbo limening’inia, manyoya yamepukutika pande zote mbili, ahema hema, ala sana wala hakondi. Huenda tezi ndogo zilizo karibu na figo zinatoa homoni kupita kiasi. Na mara chache sana kosa huwa katika ubongo, kwenye tezi inayoziamuru figo kuhifadhi maji. Ini lililougua na aina fulani za kansa huleta dalili hii pia.

MSICHANGANYE NA KICHAA

Mbwa mwenye kichaa huenda akasogelea maji akashindwa kumeza. Mate yamtoka, taya limelegea, sauti imebadilika, tabia si yake. Usitie mkono kinywani mwake ukidhani amekwamwa na mfupa. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Hapa hakuna kungoja kupima beseni.

UENDE NA NINI KWA BWANA MIFUGO?

Usiende mikono mitupu. Chukua daftari lako lenye hesabu ya maji. Andika umri wa mbwa, siku dalili zilipoanza, dawa alizopewa, na kama ni jike, siku alipotaka dume. Chukua na mkojo wa asubuhi. Umkinge kwa kopo safi lililokaushwa, lililofungwa kwenye kijiti kirefu, huku umevaa glovu, uutie katika chupa safi yenye kifuniko na kuufikisha mapema.

Kwa kijikaratasi kidogo kinachochovywa katika mkojo, mganga huona mara moja kama kuna sukari, damu au protini. Kwa chombo kingine hupima kama mkojo ni mzito au ni mwepesi kama maji. Akiweza kupima damu, hujua hali ya figo, ini na sukari. Hivyo magonjwa mengi hutengwa kwa vipimo vichache, na fedha yako haipotei kwa dawa za kubahatisha.

Tuseme kweli, matibabu mengine ni ghali. Mbwa wa kisukari karibu daima huhitaji sindano za insulini kila siku, maisha yake yote, na kwa kipimo cha mganga tu, maana insulini ikizidi huua. Si kila nyumba iwezayo. Asiyeweza asione haya kumwambia mganga hivyo. Kama hakuna njia, mganga anaweza kumlaza mnyama kwa dawa, afe bila maumivu. Hiyo ni afadhali mara nyingi kuliko kumtupa porini afe kwa kiu, au kumpiga kwa mawe. Amekulinda usiku mwingi. Mwisho wake usiwe wa mateso.

MBWA WA STRASBOURG

Msomaji mmoja aweza kusema: “Kazi yote hiyo kwa mkojo wa mbwa?” Basi asikie habari hii.

Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, uliokuwa wakati ule chini ya Ujerumani na leo ni wa Ufaransa, waganga wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimwondoa mbwa kongosho. Walitaka kujua habari za kuyeyushwa kwa mafuta tumboni. Mbwa yule alikuwa amefundishwa kutokojoa ndani, lakini sasa akaanza kukojoa sakafuni kila wakati. Wengine wangalimchapa tu. Minkowski alichukua mkojo, akaupima, akaona umejaa sukari. Ndipo ilipojulikana kwamba kongosho ikiondolewa, kisukari huingia.

Miaka 32 ikapita. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto huko Kanada, mganga Frederick Banting na mwanafunzi Charles Best, katika maabara ya Profesa Macleod, walitoa maji ya kongosho na kuwachoma mbwa waliotiwa kisukari. Sukari ya damu ikashuka. James Collip akaisafisha dawa ile. Mwezi wa Januari mwaka 1922 ilichomwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu ya kufa. Sindano ya kwanza haikufaa sana. Baada ya siku kumi na mbili alichomwa iliyosafishwa vizuri, naye akapata nguvu. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha namna ile alikuwa hana tumaini. Tangu hapo watu wasiohesabika wameishi kwa insulini, na njia hiyo ilianza kwa mtu mmoja aliyeuliza kwa nini mbwa akojoa sakafuni.

NA MTOTO WAKO JE?

Akina baba na akina mama, jicho mlilojifunza kwa mbwa litumieni kwa watoto pia. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani, kisha aanza tena. Aamka usiku kunywa maji. Akonda ingawa ala. Achoka shuleni: msimchape wala msimwonee haya. Wala msiseme amerogwa. Mpelekeni zahanati siku hiyo, mkaombe apimwe sukari ya damu. Ni tone moja tu la kidoleni, na jibu hupatikana kwa dakika chache. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na kusinzia, hata usiku msingoje kupambazuke.

Kwa mbwa, kwa mtoto na kwa mzee, kanuni ni moja: mwenye kiu mpe maji, kisha tafuta mahali mtungi ulipotobokea.